Bi Saadiya binti Mselem, Mwenye Nguva wa Mkomani

Marehemu Bi Saadiya alizaliwa Matondoni tarehe 3 Juni 1907, mtoto wa pili wa Bwana Mselem, muuza boriti, na Bi Hadia. Alisoma chuoni kwa Bi Mwanamkisi, akahitimu Kurani mwaka 1919. Shule nyingine hakuipata, wala hakulalamika.

Mwaka 1926 aliolewa na Bwana Wazir bin Jeilani, karani wa forodha, akahamia Mkomani, mjini Lamu, ambao wenyeji huuita Amu. Bwana Wazir alipenda kukusanya makombe, matumbawe, magamba ya kasa na mayai ya ndege. Mwaka 1948 aliletewa nguva aliyekufa katika nyavu za Mkokoni. Bi Saadiya ndiye aliyemfukia mchangani hadi nyama ikaisha, akaisugua mifupa na kuipanga upya, mfupa kwa mfupa.

Bwana Wazir alipofariki Desemba 1951, ndugu yake, Bwana Abdulghafur, alitaka vitu vyote apewe Mzungu mmoja avipeleke Ulaya. Bi Saadiya alikataa.

"Nguva huyu ni wa nti hii," alisema. "Amtakao, ndia ya kuja Amu haiyafungwa."

Baada ya eda alivipanga katika sabule, chumba cha wageni kilicho karibu na mlango, akaandika majina kwa herufi za Kiarabu ili kila aliyepita chuoni aweze kusoma. Jumatatu ilikuwa ya wanawake kuja kutazama, Alhamisi ya wanaume na watoto.

Siku ya kufungua, Jumatatu tarehe 14 Septemba 1953, nguva alilazwa kitandani kwa kuwa hapakuwa na meza ya urefu wake, akafunikwa shuka nyeupe kuzuia vumbi. Bi Tima wa Langoni aliingia na wenzake, akaona kitanda, akaangua kilio. Wenzake wakaanza Yasini. Bi Saadiya aliposhuka aliwaacha wafike mwisho wa aya, ndipo akaifunua shuka.

"Kumbe ni nguva," alisema Bi Tima. "Mbona hukutwambia?"

"Hukuuliza. Umeanza kulia mlangoni."

Kufikia Isha, mji ulikuwa ukisema Bi Saadiya amemwekea samaki matanga. Bwana Abdulghafur akaja mbio.

"Shemeji, funga sabule. Mui mzima watucheka."

"Nawacheke. Lakini wacheke wakiwa ndani."

Jumatatu iliyofuata sabule haikutosha watu. Shuka hakuiweka tena. Vumbi alilipangusa mwenyewe kila asubuhi.

Maradhi ya moyo yalimshika Oktoba 1958. Alipokatazwa kupanda ngazi alihamia chumba cha chini, awasikie wageni wake. Bwana Abdulghafur alipokuja kumtazama, alimkabidhi ufunguo.

"Mkisha kunizika, Jumatatu fungua. Na shuka usimwekee, wataanza kulia tena."

Alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 5 Februari 1959, akazikwa siku hiyo baada ya Adhuhuri.

Ameacha binti yake, Esha, mwanawe, Mahmud, wajukuu, dada yake, Barka, na shemejiye, Abdulghafur, ambaye Jumatatu tarehe 9 aliipangusa mifupa ya nguva, akafungua mlango, kisha akatoka kuwapisha wanawake. Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Tima.

Mwenyezi Mungu amrehemu, ampe pumziko la amani.