Boksi la Shibiri Saba

Kijiwe cha Al Ras kina benchi moja tu, nalo limevishwa bati: nusu ya kibao cha zamani cha duka la viungo anamouza Famau. Ukilikalia Ijumaa mchana baada ya sala, makalio yatakukumbusha uko Dubai. Mdila wa kahawa ni wa Mzee Marhun wa Unguja. Famau wa Lamu wanamwita Nahodha, ingawa hata boti ya kuvukia Khor, ile hori ya mjini, humtapisha. Japhet wa Singida ni Injinia, kwa kuwa kazi yake ni kumshikia injinia mwavuli. Wa nne ni Protas, fundi bati wa nyumba moja ya mtaa wa Mirdif, na siku hiyo alifika akitabasamu peke yake.

— Khalas! Boksi limekwisha. Kesho sir anavalisha mkanda, Jumatatu niko kwenye ndege.

Kisa chenyewe ni hiki. Sir wake alikuwa na pikipiki ya theluji, ile yenye ski za kutelezea mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma, ya kwenda kuchezea milimani Ulaya. Akanunua mkanda wa mtumba, mrefu zaidi, ili asizame kwenye theluji laini. Kumbe boksi la alumini linaloufunika mkanda ni fupi. Bei ya kulirefusha dukani ilimfanya hata yeye, tajiri mzima, akune kichwa. Akamuuliza Protas kama anaweza, na Protas, kama tunavyojibu wote huku kabla swali halijaisha, akasema yes sir.

Ahadi ilikuwa nyepesi. Boksi likiukubali mkanda, pasipoti aliyoishika sir inarudi mkononi. Likiukataa, likizo mpaka mwakani. Na kule Bukoba harusi ilishaahirishwa mara mbili. Jumapili padri anasoma tangazo la tatu la ndoa yake na Paskazia. Protas alikuwa na hofu, asitake kuionyesha.

— Umerefushia nini? aliuliza Japhet.

— Ile nusu nyingine ya kibao hiki tulichokalia. Nimepiga ribiti arobaini. Ningechomelea, kingetoboka.

— Kwa hiyo sir atapita Ulaya na maandishi ya bizari?

— Nimeyageuzia ndani.

— Theluji itayasoma, alisema Mzee Marhun.

Japhet akaweka kikombe chini, ishara kwamba sasa anaongea kiufundi.

— Sikia. Ukirefusha nyuma, pua inanyanyuka. Sir atakwenda anatazama mawingu. Funga gunia la tende mbele. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapo? aliuliza Protas.

— Tende zikikauka hazikunjiki!

— Pua si neno, alidakia Famau. Neno ni mkia. Chombo kirefu hakikati kona. Akifika mwisho wa mlima itambidi ashuke akigeuze kwa mikono, kama hamali na mkokoteni wake. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Methali hiyo ni ya mtu kurudi kwao, Nahodha, si ya kukata kona, alisema Japhet.

— Basi na arudi kwao, lakini ageuze kwanza!

Mzee Marhun akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Nyote hamjui. Kibao hicho kilitundikwa juu ya pilipili manga na tangawizi miaka kumi na mbili. Moto umekiingia. Sir akipita, theluji itayeyuka nyuma yake. Atarudi kwa kuogelea.

— Polisi wa huko watamkamata kwa kumaliza theluji ya serikali, aliongeza Japhet. Naye atasema, muulizeni Protas!

Protas alicheka nao.

Pembeni alisimama mteja aliyekuwa akimngoja Famau ampimie hiliki. Aliitwa Joweria, Mganda, fundi cherehani, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni.

— Samahani, banange, ndugu zangu. Huo mkanda uko wapi?

— Stoo ya kago, nyuma ya duka letu, alijibu Famau. Sir anakuja kuuchukua kesho.

— Na boksi?

— Mirdif, alisema Protas.

— Sasa mulijuaje vitatoshana?

— Simu, dada! Famau akatanua kifua. Niliulaza mkanda chini, nikaupima, nikamwambia: shibiri saba kamili.

— Na boksi nikalifanya shibiri saba kamili, alisema Protas. Halikupungua hata ukucha.

Joweria akautazama mkono wa Famau, halafu wa Protas.

— Shibiri ya nani?

Polepole Famau akanyanyua kiganja, Protas akakibandika chake juu yake. Vidole vya Famau vilichomoza kwa pingili nzima. Japhet akaanza kuzidisha kwa saba, akaishia njiani: boksi lilikuwa fupi. Akilini Protas alimwona padri na karatasi yake, akamwona Paskazia akinyanyuka na kutoka kanisani. Roho ilimuuma.

— Mzee, niongeze kahawa.

— Imekwisha.

Protas akainamisha kichwa. Kati ya magoti yake, bati la benchi lilikuwa liking'aa juani. Akalipima kwa macho. Kisha akamwomba Joweria ile tepu.

— Simameni wote. Injinia, lete bisibisi.

— Na sisi tukae wapi? aliuliza Japhet.

Mzee Marhun ndiye aliyesimama wa kwanza, akakung'uta kanzu nyuma.

— Nenda kaoe, mwanangu. Makalio yetu nayo yapumue.