Dakika Kumi na Tano za Bi. Serafina Kinunda

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Serafina Kinunda anakabidhi funguo za maabara ya kituo chetu cha afya, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Alianza mwaka 1991 katika zahanati moja upande wa Naipingo, Nachingwea, binti mgeni kutoka Mbinga aliyefika na begi moja na sweta ambalo, kwa joto la huku, hakulivaa tena. Mwaka 2008 alihamishiwa Ruangwa, na hapa ndipo wengi wetu tulipomkuta.

Enzi za Naipingo alitafuta vimelea vya malaria kwa hadubini ya kutegea mwanga wa jua dirishani. Wingu likipita, kazi inasimama, naye anasubiri. Anasema hapo ndipo alipojifunza kukaa kimya bila kuchoka. Sisi wa siku hizi mawingu hayatusumbui, tuna umeme, na kazi ikisimama tuna simu.

Kila siku saa tisa na nusu alasiri Mama Kinunda alifunga dirisha la kupokelea vipimo, akaacha simu kwenye droo, akaketi kwenye benchi la nyuma kwa dakika kumi na tano. Hasomi, haongei. Dakika hizo tuliziita kikao cha mtu mmoja, na watani walimdai muhtasari. Alieleza mara moja tu: anapitia nyuso za siku hiyo, mmoja mmoja, kisha anabaki na mawazo yake, marehemu mumewe, shamba la kahawa la kwao. Alisema kichwa kikijaa sauti za watu, ya kwako huisikii.

Ninayeandika haya, Amri, msaidizi wake, nilicheka kuliko wote. Ni haki basi niseme yaliyotokea Machi 2021.

Mchana mmoja alichukua damu ya vipimo kutoka kwa akina mama wawili waliohitaji kuongezewa damu. Akaitwa wodini kwa haraka, akaniachia vichupa nibandike majina. Simu yangu nayo ikaanza: kamati ya harusi ya binamu yangu ilikuwa inagombana kuhusu rangi ya sare. Nikajibu, nikabandika, nikapima makundi ya damu, nikapeleka majibu. Nilijiona hodari.

Saa tisa na nusu akaketi. Hazikupita dakika tano akainuka ghafla. Alikuwa amefika kwenye uso wa Tunu, mkulima wa Nandagala aliyetoka kujifungua na kupoteza damu nyingi. Alikumbuka jinsi mshipa ulivyosumbua kupatikana, na kwamba kichupa chake hakikufika nusu. Kilichoandikwa Tunu mezani kilikuwa kimejaa. Alikimbia wodini, mama wa miaka hamsini na mitano, akakuta mfuko wa damu umeshatundikwa, muuguzi anatafuta mshipa. Tulipima upya. Kundi la damu ya mfuko halikuwa lake; nilikuwa nimebadilisha majina ya vichupa viwili. Damu ile ingeweza kumuua.

Kwenye daftari la matukio nilitegemea kusoma jina langu. Aliandika lake kwanza, kwa kuwa kichupa hakitakiwi kuondoka kitandani kwa mgonjwa bila jina, kisha akanipa kalamu. Hakunigombeza. Kesho yake, ilipofika saa tisa na nusu, alisogea kidogo kwenye benchi, nami nikakaa.

Miaka minne nimekaa pale. Siku nyingi, dakika ya tatu tu, mkono unapapasa mfuko ambao hauna simu. Lakini watu waliokuwa kwangu namba za vipimo sasa wana sura, na mimi mwenyewe nimeanza kujifahamu. Tunu ametutumia ujumbe kwamba atakuja na binti yake kwenye hafla ya kuaga, na anaomba wakae karibu na Mama.

Mama Kinunda, Jumanne, siku ya kwanza bila wewe, nitapokea damu za watu, na hakutakuwa na mwingine wa kukumbuka nilichosahau. Naogopa, na nimeona nikuandikie hivyo kuliko kukusifu tu. Tunakushukuru kwa niaba ya wote waliotoka hapa wazima bila kujua kwamba uliwakumbuka. Ufike Mbinga salama, na siku zako ziwe zako mwenyewe.