Clotilde Ntumba, Aliyeanza na Rangi

Dada yetu Clotilde Ntumba Mulanga alizaliwa Panda, Likasi, tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa kwanza wa Séraphin Ngalamulume, aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na mkewe Albertine. Wazazi walisema alianza kutembea bila kutambaa, na sisi tuliomfahamu hatukuona ajabu.

Alisoma shule ya msingi Panda na sekondari Mulungwishi, kisha akajifunza uchoraji wa majengo Lubumbashi hadi 1978. Wenzake walichora nyumba kwa rula, ndipo wakapaka rangi. Yeye alimwaga rangi kwanza, yoyote iliyomjia, akageuza karatasi huku na huku mpaka ukuta, ngazi au kivuli kijitokeze. Hapo ndipo alipoitafuta rula. Ukimuuliza jengo lile ni la nini, alikuambia ungoje, hata yeye hajui bado.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika ofisi ya michoro hapa Likasi. Siku moja zoezi lake la rangi lilichanganyika na ramani za kazi, na wapakaji, watu watiifu, wakalifuata lilivyo. Safu nzima ya nyumba za wafanyakazi ikapata kuta za zambarau. Fundi umeme mmoja, Gauthier Mukeba, alifika ofisini amevimba kwa hasira.

"Nani aliweka violet ku nyumba yangu? Miye njo niko nalala mule."

"Kaa nayo kwanza," Clotilde akamjibu bila kuinua macho. "Ukichoka nayo, unikujie tena."

Alirudi juma lililofuata, na lililofuata tena, wala hatukuamini kwamba ni habari ya ukuta. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983, wakaishi katika nyumba ile ile.

Mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai tulipofukuzwa Katanga, yeye na Gauthier walipanda treni kwenda Kasai, kama wengi wetu, bila kupenda. Waliporudi Likasi mwaka 2001, alifungua darasa la michoro sebuleni, na wageni wakazoea kuketi kati ya karatasi zenye rangi mbichi. Binti yake Marlène alitoka humo akawa msanifu majengo, hodari kweli, ila hakuweka doa la rangi kabla ya kuomba ruhusa. Jambo hilo lilimnyima mama yake usingizi. Aliogopa kumwacha nyuma mtoto anayesubiri kuambiwa.

Machi 2023 kiharusi kiliulemaza mkono wake wa kulia, naye akahamia wa kushoto kabla hajatoka hospitalini. Figo zikafuata. Kitandani hakutulia: mara ageuzwe kuelekea dirishani, mara aletewe brashi, mara chai irudishwe. Mwishoni alimpa Marlène karatasi yenye rangi pembeni, nyeupe katikati.

"Maman, hapa niweke rangi gani?"

"Weye weka. Usiniulize."

"Na kama ninaharibisha?"

"Tutaona penye umeharibisha. Pengine njo pale mulango iko."

Marlène alishika brashi, akaiweka chini. Mama akageukia ukutani, na ilituuma sote. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, karatasi ikiwa bado nyeupe katikati.

Ameacha mume, Gauthier, watoto wawili, Marlène na Chadrack, wajukuu watano, na mimi mdogo wake, Placide, ninayewasomea maneno haya.

Juzi seremala alileta jeneza la mbao tupu, akauliza lipakwe nini. Wazee tukaanza kushauriana: jeupe, au kahawia. Marlène hakutungoja. Alichukua rangi za mama yake akaanzia kwenye kifuniko, bila penseli, bila kumuuliza mtu. Mnaliona hapo mbele. Ile zambarau upande wa kichwani ilimwagika tu kwa bahati mbaya. Aliitazama kitambo, kisha akaizungushia fremu ya mlango.

Dada yangu alituchosha kwa kutotulia kwake, nasi tulimpenda hivyo hivyo. Apumzike sasa kwa amani. Mtoto ameanza.