Msimfichie Ndoano

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni, na nataka kusema mdogo wenu akiwa bado bwawani. Nyumba ni yenu nyote, hilo mnalijua na halinisumbui. Kinachonitisha ni ndoano.

Wewe binti yangu mkubwa, mdogo wako alipotoka hospitali ya akili ulikusanya visu, kamba na ndoano zake ukazifungia kabatini, wala sikukulaumu, maana hata mimi nilikuwa silali. Lakini mlimwona: aligeukia ukuta, chakula kikapoa mbele yake, uso haoshi, mpaka nikamrudishia ndoano moja, nikamfuata bwawani, nikakaa nyuma yake nikiyaogopa yale maji. Akachimba minyoo, akatupa mshipi, akatulia. Jua lilipopanda akasema, "Mama, leo kichwa kimenyamaza." Na hata kidagaa alikuwa hajapata.

Tangu hapo kila asubuhi nampa moja, na akirudi anaiweka kwenye kiganja changu. Mpaka nihisi kile chuma, moyo wangu haukai mahali pake.

Samaki si dawa. Vidonge vyake vya kliniki mmpe, msikose. Ila mkimnyima bwawa mtamrudisha ukutani, na naogopa, wanangu, naogopa sana, kwamba mkishanizika mtazificha ndoano tena kwa mapenzi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu sasa ni wenu, mtausikia uzito wake.

Nawe mwanangu, fundi baiskeli, kumwita Waziri wa Samaki endelea, huwa anacheka, lakini nenda naye. Kaa nyuma yake. Usimwulize anajisikiaje, mgonjwa haulizwi uji. Mwulize tu, "Wanakula?" Akijibu, hata kwa kukutukana, tulia. Akinyamaza, sogea karibu, na usiondoke mpaka mrudi pamoja.

Nipeni maji... yanatosha. Ndoano nyingine zimo kwenye kopo la majani ya chai, chini ya kitanda hiki. Binti, kesho yake baada ya maziko umpe wewe, kwa mkono wako. Ukitetemeka, tetemeka, lakini mpe.

Mungu awafunike. Awape usingizi ambao mimi... sikuupata. Mpendane, msichokane.

Nasikia ndoo mlangoni. Ni yeye. Futeni macho. Mimi mkono hauinuki tena... Binti, kaa hapa nilipo. Fungua kiganja.