Hewa ya Kilo Tisini na Mbili

Marehemu Hilda Yohana Matonya alizaliwa tarehe 3 Juni 1971 kijijini Mvumi, mtoto wa tatu wa Mzee Yohana na Mama Emilia. Mimi Penina, ninayesoma wasifu huu, ni mdogo wake. Kamati ya mazishi iliniomba nilegeze maneno. Nimekataa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1985. Mwaka 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu Daudi, mwanamume mrefu ambaye Hilda hakumfikia hata begani. Tuliwatania sana.

Alikuwa mama lishe, miaka ya mwisho pale Mtumba, penye ofisi za serikali. Alimpakulia kila mteja kwa kumtazama: kibarua wa ujenzi ugali wa kujaa sahani, mzee wa kisukari mchicha mwingi na ugali kiduchu. Afisa mmoja alikuja juu, akadai wote wapakuliwe sawa. Hilda akamuuliza, "Kwani baba, matumbo yenu yametoka kiwanda kimoja?"

Mapema Machi 2025 alishikwa na nimonia kali. Hospitali moja, siitaji, ilimlaza chumba cha wagonjwa mahututi na kumwekea mashine ya kupumulia. Daktari wa zamu akatazama uzito wake, kilo tisini na mbili, akaifungulia mashine hewa ya kilo tisini na mbili. Jamani! Dada yangu alikuwa mfupi, mnene. Mapafu hufuata urefu wa mtu, hayanenepi. Daktari bingwa alitueleza hivyo aliporudi kutoka likizo, na pafu lilikuwa limeshapasuka. Nilipomfuata yule wa zamu, alinijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Dada, ndivyo tunavyowawekea wote."

Wote! Msomi mzima, koti jeupe limepigwa pasi, anamjaza mtu upepo kama tairi la trekta. Nakuona, daktari, umekaa pale nyuma, chini ya turubai la msiba, na miwani yako ya jua. Ivue, usikie vizuri.

Hilda alifariki tarehe 14 Machi 2025. Ameacha mume, watoto wawili, Hana na Lameck, na mjukuu mmoja.

Jana fundi Msafiri wa Chang'ombe alikuja na futi yake kuchukua vipimo vya jeneza. Alimpima dada yangu taratibu, kichwa hadi kisigino, kisha akarudia asije akakosea. Tangu augue, hakuna mwingine aliyempima urefu.

Dada, pumzika kwa amani. Jeneza hili limekutosha.