Sahani ya Kwanza na Tetemeko la Mwenzangu

Asanteni, kaeni tu. Maiki siihitaji, sauti yangu mnaijua, na ushuhuda wangu mnaujua pia. Namwona mama wa kule nyuma ameshatoa leso. Irudishe kwanza, dada yangu, leo sisimulii ule mliouzoea.

Ule mliouzoea ni huu. Tetemeko lilitukuta Bukoba mchana, mimi na mama yangu, ndani ya nyumba aliyoijenga marehemu baba. Ukuta wa jikoni ukamwangukia mama miguuni. Nikamwinua, nikambeba mgongoni, nikatoka naye huku mabati yakilia juu yetu. Halafu maisha ya kwenye turubai, halafu kushindwa kulala chini ya dari yoyote, halafu Kanada, halafu nyinyi. Miaka yote hii, katika chumba hiki cha chini ya ghorofa letu hapa Flemingdon Park, kila akija mgeni naombwa nimsimulie. Na desturi yetu mnaijua, aliyetoa ushuhuda ndiye anayepakuliwa sahani ya kwanza. Nimezila nyingi, jamani.

Basi mwaka jana akaja dada yetu huyu Mkongomani, yule pale aliyekaa na binti yake. Ruhusa nimemwomba, jina silitaji. Mkamwambia ajitambulishe. Akasema kabla ya huku alikimbilia Mayotte, kisiwa cha karibu na Komoro ambacho ni mali ya Ufaransa, na kule ardhi ilitikisika miezi na miezi. "Haikuwa siku moja," akasema. "Tulikuwa tunalala inje, tunaamuka, inatikisika tena." Mara naona leso zinatoka. Leso zangu! Halafu sahani ya kwanza, pilau imefunikwa kwa nyama, ikanipita puani ikaenda kwake.

Ndugu zangu, nawaambia, kilinishika kijiba cha roho ambacho sijawahi kukiona. Chekeni tu. Nilimwonea mtu wivu kwa mateso yake!

Nikasema huyu muongo. Ufaransa na matetemeko wapi na wapi? Jumatatu nikamburuta binti yangu mpaka maktaba, nikamwambia nitafutie historia ya matetemeko ya Ufaransa na maeneo yake yote ya ng'ambo. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake kile, kama nina mtihani. Nikamwambia soma. Akasoma, mimi nimekunja mikono. Milima ya mpakani mwa Uhispania. Pwani ya kusini, karibu na Italia. Martinique. Guadeloupe. Visiwa vya mbali huko Pasifiki. Kumbe nchi yenyewe imetikiswa karne na karne, nyumba zimelala chini, watu wamefukiwa, na mimi hata "masikini" sikusema. Nilikuwa nasubiri jambo moja tu, Mayotte isiwemo. Ikawemo. Volkano imezaliwa chini ya bahari, kisiwa kimetikiswa miezi kweli, watu wamelala nje kweli. Roho iliniuma mpaka nikamnunia mtu wa maktaba aliponitakia siku njema.

Na kulikuwa na jingine. Siku moja dada huyu alinikuta kwenye lifti, akaniuliza kwa upole tu, "Ulimubeba maman namna gani na sakafu inacheza? Miye nilikuwa nashindwa hata kusimama." Nikamjibu kwa ukali kwamba Mungu alinipa nguvu, nikashuka ghorofa isiyo yangu. Tangu hapo nikawa namkwepa, na kumsema pembeni. Baadhi yenu niliwaambia anatafuta huruma. Msiangalie chini, mnajijua. Nisameheni.

Ndipo ikaja ile Jumamosi ya mashine. Mnakumbuka, tumekaa kula, nje wanatengeneza barabara, ile mashine ya kushindilia lami ikapita karibu na dirisha. Vikombe vikagongana, sakafu ikatetemeka. Mlipotazama, watu wawili wako chini ya meza. Mimi na yeye, goti kwa goti. Nawasikia huko juu mnacheka, "Dada zetu, tokeni, ni barabara hiyo!" Lakini yeye hakuwa anawasikia. Alikuwa anaangalia soksi za njano za binti yake, zinazoning'inia kwenye kiti. Mtoto alikuwa bado anakula mezani.

"Nimemuacha," akasema. "Nimemuacha mutoto wangu."

Akalia bila sauti, anajipiga kifua. Hapo ningeweza kumshinda, ndugu zangu. Ningetoka nikawasimulia. Badala yake mdomo ukafunguka wenyewe, nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia hata padri.

"Mimi nilimwacha mama yangu."

Sikumbeba. Ardhi ilipotikisika nilijikuta niko nje, nikamsikia mama ananiita kwa jina, na sikurudi. Jirani ndiye aliyeingia akamtoa. Mama yu hai, anatembea kwa mkongojo, na hajawahi kuligusia. Miaka yote nimekula sahani ya jirani yule. Na dada huyu nilimchukia kwa sababu humu ndani yeye peke yake alijua kwamba sakafu ikicheza, kumbeba mtu si rahisi kama nilivyokuwa nasimulia.

Namshukuru. Alinishika mkono chini ya meza ile, hakuniuliza swali la pili. Nawashukuru nanyi mlionililia kwa uongo, machozi yenu yalinisaidia kuishi hata hivyo. Na nikiwaachia neno, ni hili: kama kuna mtu unamwonea wivu mpaka chakula hakishuki, kabla hujamsema, jiulize anajua nini kukuhusu.

Jana asubuhi nilimpigia mama. Nikamwambia, mama, siku ile nilikusikia ukiniita nikakuacha, naomba radhi. Akasema, "Mwanangu, ulisikia jina tu? Nilikuwa nakwambia usirudi."

Haya. Chakula kinapoa. Sahani ya kwanza mpelekeeni dada yetu yule.