Mkono wa Kushoto wa Tomasa Nava

Ndugu, majirani, na ninyi mliopanda mlima kwa miguu, poleni, naomba tutulie, na walio nyuma wasogee, maana nitasoma polepole.

Marehemu mama yetu, Tomasa Nava, alizaliwa tarehe 18 Septemba 1893 hapa Tlalixco, jimbo la Guerrero, akasoma miaka miwili kwa padri mpaka shule ikafungwa, akawa anasaga mahindi ya wachimba fedha, na tarehe 6 Mei 1911 akaolewa na mfua chuma Cástulo Bahena, wakanipata mimi, Eulalia, peke yangu.

Mapinduzi yalipofunga njia na pesa za mji mkuu zikakoma kufika, waasi wakaamuru sarafu zipigwe hapa hapa mgodini, kwa fedha yetu yenye dhahabu ndani yake, maana hakuna aliyejua kuzitenganisha, na kwa kuwa vijana walikuwa vitani, baba alipiga nyundo, mama akashikilia muhuri wa chuma, mpaka tarehe 9 Machi 1915 nyundo ikateleza, ikamkata mama vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Tarehe 14 Februari 1916 askari wa serikali waliteka kijiji, wakawanyonga wanne waliokutwa na sarafu zile, kisha kapteni akawapanga wanaume ukutani mwa kanisa, akikagua mikono, kwa sababu alijua kazi ile hula vidole. Mikono ya baba ilikuwa mizima, akapita. Hilario Popoca, mchunga ng'ombe, baba yangu wa ubatizo, hakuwa na gumba.

"Gumba liko wapi?"

"Lilikwenda na kamba ya kukamatia fahali, Kapteni, wachunga wote tuko hivi, kamuulize fahali."

Akapigwa kitako cha bunduki, meno yakamwagika.

Mama alikuwa jikoni mlango wa pili, akisikia yote, na aliposikia swali lile la kwanza alizamisha mkono zaidi ndani ya unga wa mahindi aliokuwa akiukanda. Hilo aliniagiza nilisome. Walipomfunga Hilario macho ndipo akatoka.

"Mwache baba wa ubatizo wa mwanangu, mpiga sarafu ni mimi, tazama."

Askari wakaangua kicheko.

"Mwanamke apige pesa? Nenda kageuze chapati zako, mama, zinaungua."

"Zikiungua nitazila, huyu ukimuua utamrudisha?"

Baba alikuwa pale, hakufungua mdomo. Wakampiga Hilario risasi tano, damu ikamrukia mama hadi kifuani.

Mjane wa Hilario, Bi Brígida, alimwambia mama neno moja tu, "Ulichelewa," na mama akajibu, "Nilichelewa," na kila msimu wa mvua akamlimia shamba kwa mkono ule wa vidole vitatu, wasisalimiane, miaka hamsini na tatu.

Aliugua mapafu Novemba 1968, akafariki tarehe 3 Aprili 1969. Tunamshukuru daktari, majirani waliomgeuza kitandani, na wafanyakazi wenzake wa mashine ya kusaga.

Asubuhi hii Bi Brígida aliingia, akamfunga mama kitambaa kichwani, akatuambia, "Mlazeni kando ya Hilario, nafasi ile ilikuwa yangu."

Naishia hapa nikashike jeneza, nitarudi tule pamoja. Mama, lala kwa amani, umeruhusiwa.